Bega la Daraja

Lwitiko alipovaa daraja mara ya kwanza alicheka, akasema linamtekenya. Wote hucheka mwanzoni. Vazi lilikuwa jeusi, limembana kuanzia visiginoni hadi shingoni, na ndani yake nyuzi nyembamba zilikuwa zikimtafuta mishipa, mmoja baada ya mwingine, kama chawa wageni wanaopanga makazi.

"Legeza magoti," Subilaga alimwambia. "Kuanzia sasa wewe si mtu, wewe ni Daraja la Lusungo. Miguu ni nguzo. Mgongo ni sakafu. Mabega yako ni mabega ya chuma, pale linapolala bomba la maji ya moto. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Haya. Naweka watu wa soko."

Akagusa ubao wa mashine. Lwitiko aliguna, akainama kidogo kama mtu aliyetwishwa mkungu wa ndizi. Darasa likashangilia. Walikuwa wanafunzi wa uzamili hao, watu wazima wenye ndevu na ndoa zao, lakini mwenzao akivaa walirudi utotoni.

"Simama imara, daraja! Mimi na mbuzi wangu tunapita!"

"Na mama mkwe wangu yuko nyuma, jihadhari, ni mzito!"

Subilaga akaongeza upepo wa korongoni. Lwitiko akayumba, akajishika. Bado alikuwa akitabasamu.

"Sasa naamsha bomba."

Ukelele uliomtoka Lwitiko haukuwa wa darasani. Ulikuwa ukelele wa leba, wa mtu aliyesahau kwamba kuna watu wanamtazama. "Bega! Mwalimu, bega langu! Nitoe! Nitoeni, jamani!"

Subilaga alikata umeme. Lwitiko akaanguka kwenye godoro, ameshika bega la kushoto lisilokuwa na hata mkwaruzo. Wenzake walicheka kidogo, kisha wakaona haya.

"Nimekosea wapi, mwalimu?" aliuliza huku machozi yakimtoka.

Subilaga aliutazama ubao, ingawa hakuwa na haja ya kuutazama. Msichana hakukosea popote. Alikuwa ametandaza wavu mwembamba juu ya daraja zima, na penye kona ya bega akaufanya mwembamba zaidi, sawasawa na alivyofundishwa katika somo la kwanza. Alikuwa amefanya kile ambacho mwalimu wake hakukifanya.

"Kosa dogo," Subilaga alisema. "Kona kali hazina mwisho wa maumivu. Legeza wavu hapo, uendelee."

"Samahani, mwalimu," akasema Lwitiko, na akainamisha kichwa.

Samahani ile ilimwingia Subilaga kama mwiba wa samaki kooni. Aliwaambia wapumzike, akatoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji mahali ambapo hakuna dirisha linalotazama.

*

Sheria ya Kuhisi ilipitishwa mwaka ule ghorofa la soko lilipowalalia watu. Wakubwa waliotia saini ghorofa lile hakufungwa hata mmoja. Walikaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, wakaona njia ya kuwatuliza wananchi ni kuwabebesha mzigo vijana: kuanzia hapo, hakuna injinia atakayepata shahada, wala jengo litakalosimama, mpaka mwili wa aliyelibuni uwe umelivaa na kulibeba. Walioipitisha hawakuwahi kuvaa hata banda la kuku.

Lakini sheria ni sheria, na somo la uigaji wa vipande likawa somo la kuogopwa kuliko yote. Kazi yenyewe si uchawi. Kitu kizima, liwe daraja au bomba, huwezi kukijua kwa mkupuo. Hesabu yake ni kubwa mno. Basi unakikata vipande vidogo, kila kipande kinamwuliza jirani yake tu: wewe unanisukuma kiasi gani, mimi nikusukume kiasi gani? Majirani wote wakishajibizana, daraja zima limesema. Vipande hivyo ndivyo vinavyofanya wavu. Matundu yakiwa madogo unanasa kila kitu. Matundu yakiwa makubwa, usipa, wale dagaa wadogo, wote wanapita, nawe unaapa kwamba ziwani hamna samaki.

Na ndani ya vazi, kila kipande kinakuuma kivyake. Kipande kikubwa huchanganya mahali panapouma na mahali pasipouma, kikatoa wastani. Ni kama kikao cha wakubwa: kila mmoja anabeba kidogo, na mwishowe hakuna mwenye kosa.

Wanafunzi walikuwa na jina lao kwa jambo hilo, jina ambalo halikuandikwa kwenye kitabu chochote. Waliliita kulaza wavu. Unaukaza wavu kila mahali, mpaka msahihishaji akitazama anasema, lo, huyu kweli kakata! Ila pale panapong'ata, unaulaza kidogo, matundu yapanuke. Mkubwa kwa mdogo walifundishana, kama vile watu wanavyofundishana kichochoro cha kukwepa mgambo.

Lusungo lilikuwa andiko la shahada la Subilaga, yeye na mwenzake Gwamaka. Yeye alibeba uzito na upepo, Gwamaka alibeba joto. Siku mizigo ile miwili ilipounganishwa, bega la Subilaga lilipasuka kwa maumivu, akalia mpaka akajikojolea ndani ya vazi. Siku ya pili akaulaza wavu. Daraja likapita. Sasa lilikuwa limesimama juu ya korongo msimu wa pili, na watu wa vijiji vitatu walikuwa wakipita juu yake.

*

Profesa Kyando, msimamizi wa andiko lile, alikuwa akinywa uji wa ulezi kwenye kikombe chenye nembo ya chuo. Alimwona Subilaga mlangoni, akajua. Watu wa aina yake hujua mapema, ndiyo maana hudumu kazini.

"Karibu, binti yangu. Nasikia mtoto kapiga kelele."

"Lwitiko. Begani."

"Nani alikutuma uwavalishe wanafunzi wapya Lusungo?"

"Ni wewe, Profesa. Ulisema ndilo fahari ya chuo."

Alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Tazama. Kona ni kona. Ukikata wavu mwembamba, namba inapanda. Ukikata tena, inapanda tena, haitulii mpaka kiama. Huo si uzito wa daraja, ni ugonjwa wa hesabu. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha na dawa yake. Chuma halisi hakina kona kali kama kisu. Kimeviringika kidogo. Iviringishe kona kama ilivyo kwenye chuma, ndipo ukate. Kama ni ugonjwa wa hesabu, utapona."

"Na kwa nini hukufanya hivyo wakati ule?"

Alikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, ameyapanga njia nzima. Aliyaacha yote.

"Kwa sababu iliniuma," alisema.

Profesa aliweka kikombe chini. Aliposema hakumtazama. "Nilikuwa koridoni siku ile. Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Mabega ya chuma yalishatoka kiwandani, Subilaga. Kabla hamjachora hata mstari mmoja! Wizara iliagiza mabega kwanza, ikaomba daraja baadaye. Nilitakiwa nifanyeje? Nimpigie waziri simu nimwambie, mheshimiwa, rudisha chuma, kuna mwanafunzi amelia?"

"Ndiyo."

"Ndiyo!" Alimwiga. "Una umri gani wewe? Ukisema leo, kamati itaundwa. Kamati italifunga daraja. Masika yanakuja, watu watarudi kushuka korongoni kwenye utelezi. Mama yako alifia wapi?"

Subilaga alisimama. Mama yake alifia katikati ya korongo lile, juu ya machela ya mianzi, akipelekwa hospitali ng'ambo ambayo kutoka kwao unaona hata mabati yake. Profesa aliyajua hayo kwa kuwa Subilaga mwenyewe aliyaandika katika utangulizi wa andiko lake, kurasa nzuri, watu walilia waliposoma. Kumbe alikuwa amempa mtu fimbo ya kumchapia.

"Usinitazame hivyo," alisema Profesa. "Sisi wote tulikuwa na haraka ya kuwafanyia watu wema."

*

Kabla ya kumsumbua mtu mwingine, alikwenda Lusungo na donge la udongo wa mfinyanzi. Alilikandamiza penye kona ya bega, akalibandua taratibu, akapata mviringo halisi wa chuma. Ulikuwa mdogo kuliko ukingo wa kucha. Kisha akampigia Gwamaka, ambaye sasa alikuwa injinia wa wilaya, mwenye gari na kitambi kichanga.

Walikutana maabara Jumamosi mchana, wanafunzi wakiwa mpirani.

"Ndoa yetu ya mkeka imerudi," alisema Gwamaka akijivuta ndani ya vazi. "Mke wangu akijua nimeshikana mikono na wewe humu, nitalala kwa mama yangu."

"Kona nimeiviringisha kama ilivyo kwenye chuma. Leo tunakwenda mpaka namba itulie."

"Ikikataa kutulia?"

"Basi Profesa yuko sahihi, nitakuomba radhi, nitakununulia nyama choma."

Walifunga mkanda unaounganisha viganja vyao, ule wa kupitisha joto la mmoja liingie kwenye uzito wa mwingine. Wavu wa kwanza ulikuwa mpana. Bega la Subilaga liliuma kama la mtu aliyelalia upande mmoja. Akakaza matundu. Aliuma kitambaa alichokuwa amekikunja mdomoni, na Gwamaka akaacha kutania. Akakaza tena, akifumba macho, akingoja maumivu yapande kama Profesa alivyoahidi. Alitamani yapande. Mtu gani huombea aumizwe zaidi? Lakini yakipanda bila kikomo yangekuwa uongo wa hesabu, na yeye angekuwa msafi.

Hayakupanda. Akakaza mara nyingine, matundu membamba kama chujio la chai. Yalikuwa pale pale. Si chini, si juu. Yalikaa begani mwake kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

Alizima mashine. Walikaa sakafuni wakihema.

"Yametulia," alisema Gwamaka.

"Yametulia."

"Yanatuambia nini?"

"Kwamba halikatiki leo. Linachoka. Mchana bomba linapata moto, chuma kinatanuka. Usiku linapoa, kinajikunja. Kila siku kidogo. Hata tukifunga bomba sasa hivi, uchovu ulioingia hautoki."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Labda masika haya. Labda masika mwanao atakapooa."

"Basi nyamaza mpaka aoe." Aliongea kwa mzaha, lakini mzaha ulidondoka katikati yao, hakuna aliyeuokota. Akafungua mkanda taratibu. "Subi, wakifuta shahada yako wanafuta na yangu. Andiko ni moja."

"Najua."

"Mimi sikulaza wavu." Alisema akitazama vidole vyake. "Nilisikia wenzetu wakielekezana. Nilijaribu, nikaona siwezi. Lile joto nililibeba lote, wiki nzima nilikuwa nalala na barafu. Ukienda kusema, nakuomba, useme na hilo."

Subilaga alidhani amekwishafika chini kabisa ya aibu yake. Kumbe palikuwa na ngazi nyingine. Miaka yote hiyo alikuwa amejifariji kwamba kila mtu alifanya.

"Nitasema," alimwambia.

*

Angeweza kuandika wizarani. Angepelekwa dirisha moja, arudishwe jingine, mpaka bega lijisemee lenyewe. Jumatatu, siku ya soko, alikwenda darajani.

Baba yake alikuwepo kabla yake. Mzee Asajile, tangu daraja lifunguliwe, alikuwa amejipa kazi isiyo na mshahara: kusimama kwenye mdomo wa daraja na koti lake la kanisani, kuwapungia wapitao. Ni mtu aliyeishi akiwalaumu wakubwa, kwa haki kabisa. Walimwahidi daraja tangu akiwa na meno yote. Wakaleta hotuba, kofia na kanga. Mkewe alipokufa machelani, walileta kilo tano za sukari. Ndipo bintiye akasoma, daraja likaja, na kwa mara ya kwanza mzee yule alikuwa na kitu cha kusema ambacho hakikuanza na lawama.

"Piteni, piteni! Mwanangu amelibeba hili begani kabla yenu!"

"Leo unatoza, Mzee Asajile?" alimwuliza Mama Tusekile, mwuza ndizi, akivuka na kikapu chake.

"Natoza salamu tu. Wewe na ulimi wako nitakutoza mara mbili."

Akamwona binti yake. Uso ulimfunguka. "Injinia! Njoo uone watu wako wanavyopita."

"Shikamoo, Baba. Nina neno. Tusogee pembeni."

"Marahaba. Pembeni kwa nini? Mimi na wewe tuna siri gani?"

Akamweleza pale pale, kwa maneno mepesi, kwa kuwa mepesi ndiyo yaliyomwumiza kuyatoa. Kwamba bega la kushoto linachoka. Kwamba hakuna ajuaye siku. Mzee alisikiliza, na hasira yake ya zamani ikamrudia usoni kama ndugu aliyepotea.

"Wakubwa hao!" alipaza sauti, fimbo juu. "Si nilisema? Walileta chuma kibovu, wakala tofauti ya bei! Nitakwenda kwa mkuu wa wilaya leo hii, nimvue hiyo tai yake…"

Lawama ile ilikuwa njia pana, iliyofagiliwa. Angeweza kupita humo kimya, na baba yake angempigania mpaka kufa.

"Chuma si kibovu, Baba. Waliagiza kwa pupa, nao wana lao, na nitalisema. Lakini kulikuwa na mahali pamoja pa kuwazuia. Ni mimi. Nililivaa, likaniuma, nikaandika haliumi."

Fimbo ilishuka polepole.

"Ukaandika haliumi."

"Ndiyo, Baba."

"Uliogopa kufeli?"

"Niliogopa kuumwa. Tena mara ya pili."

Mzee aligeuka kutazama daraja. Katikati yake kina mama walikuwa wakipita na vikapu, mmoja na mtoto mgongoni, wakicheka jambo lao. Alihesabu kitu midomoni bila kutoa sauti.

"Na mimi nikawa nawapungia," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo Subilaga hakulitarajia. Aliwaita waliokuwa juu ya daraja wamalize kuvuka mmoja mmoja, bila kukimbia. Na walipokwisha, alikunja koti lake, akalitandika kwenye mdomo wa daraja, akakaa juu yake, miguu imenyooshwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Ng'ambo hii watu walianza kujazana. Mama Tusekile, aliyekuwa amesahau mizani yake nyumbani, alikuwa amerudi kuichukua, na sasa alitaka kuvuka tena.

"Mzee, ondoa miguu, ndizi zinaiva."

"Limefungwa."

"Limefungwa na nani? Serikali?"

Kila mtu angeamini serikali. Wasingeuliza hata swali la pili. Mzee alimtazama binti yake.

"Na mwanangu," alisema.

"Huyu huyu? Si ndiye uliyetuambia kalibeba begani?"

"Alilitua njiani."

Watu walimgeukia Subilaga. Akasimama mbele yao akasema yote, kona, wavu, na siku ile ya pili. Akasema pia kwamba Gwamaka, aliyebeba joto, hakutua chochote. Wengi hawakuelewa habari za wavu. Walielewa kwamba aliumwa akanyamaza. Kijana mmoja akatema mate, si usoni kwake, chini tu, karibu na viatu vyake. Mama mwingine alisema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Na sisi tulikuombea misa."

"Sasa tupite wapi?" Mama Tusekile aliuliza.

Jibu lilionekana. Njia ya zamani ilikuwa pale pembeni, imeanza kuota magugu, ikishuka korongoni. Mama Tusekile alikaza kanga kiunoni, akajitwika kikapu, akaanza kushuka. Wengine wakafuata. Walipita mbele ya baba na binti bila kuwaamkia, mmoja baada ya mwingine, kama wanaopita penye mawe.

Subilaga akakaa chini kando ya baba yake. Mzee akasogea. Hakusogea mbali, ila alisogea.

Wa mwisho kwenye mstari walikuwa wanafunzi wa msingi, wasichana wawili wenye sweta za kijani, wamechelewa. Hawakuwa wamesikia lolote. Walipofika walipiga magoti kidogo, kama walivyolelewa.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, injinia."

Subilaga alifungua mdomo. Marahaba ni neno la mtu anayestahili, na halikutoka. Wasichana walingoja, wakitazamana.

"Marahaba," alisema Mzee Asajile, kwa ajili ya wote wawili. "Shikeni mizizi, wajukuu zangu. Huko kunateleza."